"Kodi ya ADHD" ni kodi gani?

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa malipo mawili: hela ya mwenye nyumba na hela ya serikali. Watu wenye ADHD wameongeza la tatu. Wakisema "kodi ya ADHD" hawazungumzii kitu kinachokusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Wanazungumzia hela inayomtoka mtu kwa sababu alisahau, alichelewa, aliahirisha au alinunua kabla hajafikiri, wakati jirani yake mwenye kipato kilekile haimtoki.

ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, na kwa wengi huendelea hadi ukubwani. Inagusa umakini, utulivu na breki za mtu. Uvivu ni kitu kingine. Mwenye ADHD anaweza kukupigia kichwani hesabu ya gunia la dagaa, kuanzia bei ya kununulia, usafiri na ushuru hadi faida, halafu akasahau kabisa kwamba jana alimkopesha mtu elfu ishirini. Kinachomponyoka ni kushika jambo moja akilini huku anafanya lingine. Wakati nao, kwake, mara nyingi uko wa aina mbili tu: sasa na baadaye. Kodi ya nyumba inakaa kwenye "baadaye" mpaka mwenye nyumba apige hodi.

Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo giza ndiyo msimu wa hela. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inalala na mifuko inalala nayo. Kupanga kipato cha namna hiyo ni mtihani kwa yeyote. Kwake ni zaidi, kwa sababu hela ikiwa mkononi iko "sasa", na siku za mbalamwezi ziko "baadaye". Wiki ya giza ananunua friji ya mtumba aliyoiona njiani. Mbalamwezi inaingia, anakopa kwenye simu. Mkopo ni mdogo, ila tarehe imempita na ada imeongezeka. Kwa wakala anatoa elfu kumi leo, elfu kumi kesho, mara tano kwa wiki, na jumla ya makato inazidi ya kutoa elfu hamsini kwa mkupuo. Kikoba kinamtoza faini ya kuchelewa. Asubuhi alizotafuta funguo mpaka daladala ikamwacha, anapanda bajaji peke yake. Friji yenyewe imejaa nyanya zilizooza. Hakuna hata kimoja hapo cha kumfilisi, lakini vyote vinaendelea mwaka mzima.

Bongo nyingine hulipa kodi yao kwa namna tofauti. Mtu mwenye usonji anaweza kulipa bei ya kwanza anayotajiwa sokoni Makoroboi, kwa sababu kelele na kupatana bei vinamchosha kuliko hiyo elfu tatu anayozidishiwa. Mwenye diskalkulia, yaani ugumu wa namba, anaweza asihesabu chenji kabisa.

Sasa tazama kodi ya majengo, kodi halisi. Zamani mwenye nyumba alitakiwa akumbuke mwenyewe kwenda kuilipa. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Watu walilalamika, na wapangaji wanaokatwa kwa nyumba isiyo yao wana haki ya kulalamika. Lakini kwa kichwa kinachosahau, sijaona mpango mzuri kuliko huo: hakuna anayetakiwa kukumbuka chochote.

Ushauri tuliouzoea unakwenda kinyume. "Andika matumizi kwenye daftari kila jioni" unadai kilekile ambacho ubongo huu hauna cha kutosha. Daftari litaandikwa siku nne, baada ya hapo ni la kufungia karanga. Mchezo, yaani upatu, wenye kijumbe anayepita mwenyewe kukusanya unafaa zaidi, maana kukumbuka kumehamia kwa mtu mwingine. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari nacho kinaishinda akiba ya kwenye simu, ambayo unaifungua kwa namba nne za siri ukiwa bado hujaamua. Umeme wa mwezi mzima ununuliwe wiki ya giza.

Anayetaka kujua kama kweli ni ADHD aanzie kwa daktari wa afya ya akili; hospitali ya Bugando, Mwanza, wapo. Dawa na ushauri husaidia wengi, ingawa deni la simu halitasubiri miadi.

Mama wa Mwaloni hana daftari. Ana kijumbe anayepita saa nne asubuhi siku zote za giza, kabla hajapata nafasi ya kuona friji nyingine, na mwenye nyumba aliyekubali kupokea kodi yake vipande vipande kabla mwezi haujawaka.