Miji Inayobana Utalii wa Ulevi: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

"Wamepiga marufuku kunywa."

Hapana. Kilichokatazwa Prague, mji mkuu wa Czech, mnamo Oktoba 2024 ni biashara ya kuwazungusha wageni baa kwa baa kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Marafiki wanne wakiamua wenyewe kuhama kilabu saa 5 usiku, hawajavunja sheria hiyo. Anayebanwa ni wakala anayekusanya watu wasiojuana, akawatoza fedha, akawaswaga vichochoroni nyuma ya kiongozi mmoja. Amsterdam ilikuwa imetangulia. Tangu Novemba 2017 baiskeli za bia, yaani kaunta yenye magurudumu ambayo abiria huikanyaga huku wakinywa, haziruhusiwi katikati ya mji. Wenye biashara hiyo walikwenda mahakamani wakashindwa.

"Kelele ni za muziki, wenye baa wajenge kuta nene."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Muziki wa ndani unadhibitika kwa milango miwili, vioo viwili na spika zilizowekewa kikomo. Kinachomwamsha mkazi ni watu walio njiani, baada ya kutoka mlango huu na kabla ya kuingia ule.

Piga hesabu. Mtu anayepayuka hutoa takriban desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 80 ukimpima mita 1 kutoka mdomoni. Kila umbali unapoongezeka maradufu zinapungua 6, hivyo kwenye dirisha lililo mita 10 kutoka kwake zimebaki kama 60. Dirisha lililoachwa wazi kwa sababu ya joto huzuia 10 hadi 15 tu. Chumbani zinaingia 45 hadi 50, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi 30, na mlio mmoja mmoja usizidi 45. Huyo ni mtu mmoja, tena mahali pa wazi. Kundi likiongezeka maradufu zinapanda 3, kuta za kichochoro huirudisha sauti, na kila mlevi hupaza yake ili asikike juu ya mwenzake. Ukuta wa baa, hata uwe wa zege la nusu mita, hausaidii lolote hapo. Ndiyo maana Amsterdam imeweka kikomo cha watu 15 kwa kundi linaloongozwa katikati ya mji.

"Baa zikifungwa mapema, usingizi utarudi."

Zikifungwa zote kwa dakika moja, umati mzima unamwagika barabarani pamoja, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kanuni iliyofikiriwa vizuri hutenganisha saa ya kuingia na saa ya kufunga. Mwaka 2023, katika mtaa wa De Wallen, Amsterdam iliamua baa zifungwe saa 8 usiku siku za Ijumaa na Jumamosi, lakini mteja mpya asiingie baada ya saa 7. Saa hiyo moja inawapa watu nafasi ya kutoka wachache wachache, na aliyetoka hana pengine pa kuhamia.

"Dawa ni kumtoza mtalii faini."

Mtalii wa wikiendi Jumapili yuko uwanja wa ndege, na kumfuatilia hadi kwao ni kazi kubwa kuliko faini yenyewe. Visiwa vya Balearic nchini Hispania vina faini ya kunywa barabarani, euro 500 hadi 1,500 tangu 2024, ila uzito wa sheria yao ya 2020 uko kwa muuzaji, ambaye kesho atakuwepo palepale. Katika maeneo yaliyotajwa na sheria hiyo, kama mji wa kitalii wa Magaluf, maduka hayauzi pombe kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 2 asubuhi. Ofa za "lipia moja upate mbili" zimekatazwa. Hoteli za malipo ya jumla, yaani chumba, chakula na vinywaji kwa bei moja, hutoa vinywaji vya kulevya 6 kwa siku, 3 mchana na 3 usiku, na mgeni anayeruka kutoka roshani hadi kwenye bwawa lazima afukuzwe. Wamekufa wengi kwa mchezo huo.

"Wakazi wote wako upande mmoja."

Si kweli. Wilaya ya 7 ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ilipiga kura mwaka 2018 kuhusu kufunga baa saa 6 usiku, na kura ikaanguka kwa sababu waliojitokeza walikuwa wachache mno. Mwenye nyumba anayepangisha wageni na mpangaji anayelala ghorofa ya juu yake hawatafuti kitu kimoja.

"Ukibana mtaa mmoja, umemaliza."

Umehamisha. Chupa isiyouzwa mtaa huu hununuliwa mtaa wa pili, kisha inarudi kunywewa palepale. Kraków, mji wa Poland, iliukwepa mtego huo: tangu Julai 2023 maduka ya mji mzima hayauzi pombe kati ya saa 6 usiku na saa 11:30 alfajiri. Baa zinaendelea kuuza, na hilo halina ubaya, kwa kuwa mnywaji wa baa ameketi ndani. Upenyo uliobaki ni wa anayenunua kreti nzima saa 5:50 usiku.