Tangi la dizeli huoza chini, tena kwa nje

Mwenye chombo cha baharini akiniletea tangi linalovuja, swali huwa moja: "Fundi, si ulipige kiraka tu?" Nakataa, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni roho za watu. Tangi lililokaa na dizeli miaka mingi halitakati kwa sabuni na maji kiasi cha kulichomelea. Mafuta hujificha kwenye mishono na nyuma ya kutu. Moto ukifika yanageuka mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa mle ndani hulipuka. Watu hudanganyika kwa kuwa dizeli iliyomwagika chini haishiki moto upesi kama petroli. Pasha bati lake moto uone.

Ya pili, tundu unaloliona lina wenzake. Jahazi nililonalo sasa lilitiwa injini ya lori, na tangi la chuma la lita 400 likalazwa juu ya mataruma, yaani mbavu za mbao za chombo, mle mle kwenye ngama, chini kabisa yanakokusanyika maji. Upande wa juu rangi bado inang'aa. Tulipolipindua, kutu imejipanga mistari, taruma kwa taruma, pale tu chuma kilipogusana na mbao. Bisibisi inapenya kwa kusukumwa na kidole. Ubao ulioloa maji ya chumvi ukibana chuma, hapo hapakauki. Na usijidanganye kwamba chuma cha pua kingepona. Utando unaokilinda unahitaji hewa ili ujirudishe, na kikibanwa kwenye unyevu huliwa vitundu vitundu.

Ndani nako kuna adui. Hewa ya usiku huacha jasho kwenye kuta, maji yanashuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, na pale vinapokutana huota ukungu mweusi wenye utelezi. Bandarini hutausikia. Bahari ikichafuka ndipo unapovurugwa, unaziba filta, injini inazima.

Kwa hiyo tunaunda upya. Alumini ya baharini, kama ile ya namba 5083, ni nzuri ukiwa na mchomeleaji anayeijua. Mimi hapa natumia chuma cheusi, kile cha kawaida kisichopakwa zinki, cha milimita 3, maana hata kikiharibika mbali na nyumbani fundi wa kukitengeneza hakosekani. Bati la zinki nalikataa kabisa: dizeli huila zinki, na takataka yake huishia kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Bomba za shaba pia siziweki, huharakisha mafuta kuchacha.

Badala ya tangi moja la lita 400 naweka mawili ya 200, moja kila ubavu, kila moja na valvu yake. Mafuta machafu yakiingia moja, unahamia la pili. Tena yanapita mlangoni bila kukata sitaha. Kila moja likijaa lina kilo 170 hivi za mafuta, kwa hiyo ndani nachomelea kuta za kuvunja mawimbi, pembe zake za juu na chini zimekatwa ili hewa na mafuta vipite. Kila chumba kina mfuniko wa kuingiza mkono mzima. Bomba la kunyonya linashuka kutoka juu na kuishia milimita 25 kabla ya sakafu. Chini sitoboi kitu.

Kupima kama linavuja napima kwa maji, kwa presha ya 0.2 bar. Kipimo cha presha cha gereji hakifai, kwa presha ndogo hivyo mshale wake haujaamka. Nalijaza tangi, naunga mpira wa maji unaoonyesha ndani, nausimamisha mita 2 juu ya tangi na kuujaza. Hiyo ndiyo 0.2 bar yenyewe. Maji yakishuka kwenye mpira, kuna mshono unaovuja. Wanaotumia kompresa hulitunisha tangi kama puto: kwenye bati la mita moja kwa mita moja, hata presha hiyo ndogo ni msukumo wa tani 2.

Kisha makalio ya tangi, pale linapokalia. Nagandisha vipande vya neoprini, aina ya mpira, kwenye tangi lenyewe kwa gundi ya baharini, pasibaki upenyo wa maji, na nalinyanyua hadi hewa izunguke chini. Nje napaka rangi ya epoksi tabaka kadhaa. Ndani sipaki kitu, ijapokuwa wenye vyombo huniomba: dizeli huibambua rangi, na maganda yake yanakwenda filta. Naparuza, nafuta kwa kitambaa chenye dizeli, nafunga mifuniko.