Amplifaya ya vali sebuleni: yanayosemwa na yanayopimika

Mzee mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, aliniletea amplifaya yake jioni moja akiwa ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Alikuwa ameshaambiwa na watu watatu kwamba vali zake nne kubwa, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zimechoka, anunue nyingine. Niliichomeka, nikashika mita, nikapima. Vali zilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa na kasoro ni kwamba transfoma yake ilifungwa kwa ajili ya volti 220, na soketi ya ukutani kwangu jioni ile ilikuwa inatoa 247. Nilihamishia waya mmoja kwenye alama ya 240, nikaweka upya baiasi (mkondo wa vali wakati hakuna muziki), na mzee akarudi nyumbani na pesa zake mfukoni.

Nazipenda mashine hizi. Fleming alitengeneza vali ya kwanza Uingereza mwaka 1904, De Forest wa Marekani akaongeza gridi, wavu wa waya unaodhibiti mkondo, mwaka 1906, na hata baada ya transista kuzaliwa mwaka 1947 bado wako watu ambao hawataki kusikiliza rumba ya Kongo kwa kitu kingine. Ila zimezungukwa na maneno. Mengi yanamlia mtu pesa bure, na machache yanaweza kumuua.

“Umeme ni umeme, wewe chomeka tu”

Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Amplifaya nyingi zinazotufikia kwa mitumba zilitengenezewa kwingine: Marekani ni volti 120 na hezi 60, Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja unaunguza transfoma. Hilo wengi wanalijua, wananunua transfoma ya kushusha. Wasilojua ni kwamba transfoma ya kushusha haibadilishi hezi. Mashine iliyosanifiwa kwa hezi 60 pekee, ikipewa 50, chuma cha transfoma yake kinapata joto zaidi hata kama volti ni sahihi. Tazama kibati cha nyuma: kikisema 50/60, huna shida.

Rudi kwa mzee wangu. Volti 247 kwenye alama ya 220 ni nyongeza ya asilimia 12, na nyongeza hiyo inasambaa kila mahali ndani. Nyuzi za kupasha vali, zinazotaka volti 6.3, zinapata zaidi ya 7, wakati watengenezaji huruhusu tofauti ya asilimia 10 hivi kwa ukomo. Volti 400 za ndani zinakaribia 450, na kapasita nyingi za kuchuja (vikopo vinavyotunza umeme na kuulainisha) zimeandikwa volti 450. Yaani mashine inaishi ukingoni kila siku. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima ukuta wako asubuhi, saa mbili usiku watu wanapopika, na tena usiku wa manane. Ukiona tofauti kubwa, pesa ya vali mpya nunulia stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti.

Walio na sola waangalie inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Inveta ya bei nafuu haitoi wimbi laini, inatoa ngazi ngazi, na transfoma ya amplifaya itavuma. Mvumo huo hautoki kwenye vali.

“Nimeshachomoa, hakuna hatari”

Hapa nasema kwa sauti. Kapasita za ndani hubaki na volti 400 baada ya kuchomoa waya, wakati mwingine dakika chache, wakati mwingine muda mrefu kama rezista ya kuzimwaga imekatika. Umeme huo ni wa moja kwa moja (DC) na unatosha kusimamisha moyo. Zima, chomoa, subiri. Kisha unganisha kapasita na chasisi (bodi ya chuma ya mashine) kupitia rezista ya kiloomu 10 hivi ya wati 5, iliyofungwa vizuri kwenye waya zenye ngozi, hesabu hadi thelathini, halafu pima kwa mita kuhakikisha volti zimeisha. Wakati wa kupima mashine ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kama hujawahi kufanya kazi hii, kaa pembeni ya fundi anayeijua, umtazame mara kadhaa. Si aibu. Na watoto wasiwe chumbani.

“Baiasi ikiwa juu, muziki unakuwa mtamu”

Baiasi ni mkondo unaopita kwenye vali kubwa wakati hakuna muziki. Ukiwa mdogo mno, vali mbili zinazopokezana kazi zinaachiana pengo katikati ya wimbi, na unalisikia kwenye nyimbo za taratibu: sauti ya mwimbaji inakuwa na mkwaruzo mwembamba. Watu hugundua kwamba kuupandisha kunaondoa mkwaruzo, basi wanaendelea kupandisha. Baada ya hapo hakuna utamu unaoongezeka ila joto.

Fanya hesabu, haichukui dakika. Chukua EL34, aina moja ya vali kubwa, ambayo anodi yake (bamba linalopokea mkondo) imewekewa kikomo cha wati 25. Kwa amplifaya ya vali mbili mbili za kupokezana, watu makini hulenga asilimia 60 hadi 70 ya kikomo. Asilimia 70 ya 25 ni wati 17.5. Kama anodi ina volti 430, gawanya: unapata miliampea 40 na kitu. Mashine nyingi zina rezista ndogo ya omu 10 chini ya katoda (sehemu ya vali inayotoa mkondo) kwa ajili ya kipimo hiki. Miliampea 40 zitaonekana kama milivolti 400. Ikiwa rezista ni ya omu 1, utaona milivolti 40. Hakikisha ni ipi kabla ya kugusa skrubu ya kurekebisha baiasi, maana kosa hilo moja linatosha kuyeyusha vali.

Sasa namna yenyewe. Spika ziwe zimeunganishwa, sauti iwe sifuri, mashine iwe imewaka nusu saa. Zungusha skrubu ya vali ya kwanza kidogo kidogo, nenda ya pili, ya tatu, ya nne, kisha rudi mwanzo, kwa sababu ukipunguza mkondo wa moja volti za nyingine hupanda. Mimi huzunguka mara mbili, wakati mwingine tatu. Kwa vali mpya rudia baada ya wiki moja, na baadaye kila miezi michache.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya watengenezaji hayalisemi, kwa kuwa wao umeme wao umetulia. Volti ya ukuta ikipanda, mkondo wa baiasi hupanda nao. Ukirekebisha saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa unapika na volti zimeshuka, kisha ukasikiliza usiku wa manane volti zikiwa zimepanda, vali zako ziko juu ya ulikoziweka. Kwa hiyo mimi hurekebisha wakati volti ziko juu. Zikishuka, napoteza kidogo sana. Nikifanya kinyume, nitapoteza vali.

Mashine zenye baiasi ya kujirekebisha, zisizo na skrubu, hazihitaji yote haya. Lakini hata hizo zina rezista na kapasita chini ya katoda zinazozeeka, kwa hiyo zipime mara moja kwa mwaka.

“Inayong’aa zaidi ndiyo nzima zaidi”

Mwanga wa chungwa ni wa uzi wa kupasha tu. Vali inaweza kung’aa vizuri huku katoda yake imekwisha, na nyingine ikaonekana giza kumbe uzi umejificha ndani. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo haudhuru. Cha kuogopa ni anodi yenyewe, lile bamba la kijivu, kugeuka nyekundu kama kaa la moto: zima papo hapo, hata wimbo uwe katikati. Na kile kipaku cha fedha ndani ya kioo kikigeuka cheupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa.

“Wati nane hazitoshi sebule”

Zinatosha kulingana na spika. Spika moja hutoa desibeli 87 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake, nyingine hutoa 96. Tofauti hiyo ya desibeli 9 ni sawa na kuzidisha nguvu mara nane. Wati 5 kwenye spika ya 96 zinalingana na wati 40 kwenye ile ya 87. Spika kubwa za zamani, zile za mbao zilizotupwa ghalani, mara nyingi ndizo zinazofaa.

Ila usidhani wati chache za sauti ni umeme kidogo. EL34 nne hula karibu wati 38 kwa kupasha nyuzi peke yake, na wati 70 nyingine zinakaa kwenye anodi hata muziki ukiwa kimya. Jumla inapita 100. Mwenye betri ya sola ahesabu hilo.

“Kuiwasha bila spika ni kuipumzisha”

Ni kinyume. Bila spika, transfoma ya kutolea sauti haina pa kumwagia nguvu. Muziki ukipita, volti zinaruka juu na cheche inaweza kutoboa ngozi ya nyaya ndani yake. Transista huogopa waya za spika kugusana, vali inaogopa waya kuachia. Kaza skrubu za nyuma kabla ya kuwasha.

Kuhusu alama za omu 4, 8 na 16 pale waya za spika zinapoingia, watu wanaogopa bure. Namba iliyoandikwa kwenye spika ni ya wastani, upingaji wake hupanda na kushuka na noti. Ukiwa na spika ya omu 8, zima, hamishia kwenye alama ya 4, usikilize. Besi inaweza kukaza, nguvu ikapungua kidogo. Chagua unachokipenda.

“Vali za zamani ndizo vali”

Baadhi ya za zamani ni bora kweli. Nyingine ni zilizochakaa, zikafutwa vumbi, zikatiwa kwenye boksi. Vali bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, na jozi mpya iliyopimwa ikalingana nitaichagua kuliko ya kale isiyo na historia. Wala usibadilishe aina moja kwa nyingine kwa sababu tu miguu inaingia: vali ndogo ya ECC83 hukuza mara 100, ECC82 kama 17, na EL34 inahitaji ampea 1.5 za kupasha wakati 6L6GC inatosheka na 0.9. Na kugusa kioo kwa vidole hakukivunji. Hayo ni ya taa za halojeni. Kigusie tu kikiwa baridi.

“Inavuma, badilisha vali”

Kwanza sikiliza mvumo wenyewe. Mzito sana, wa hezi 50, hutoka kwenye nyuzi za kupasha au mzunguko wa ardhi kati ya vifaa (vikiunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja). Wa juu kidogo, wenye mkwaruzo, ni wa hezi 100, na huashiria kapasita za kuchuja zilizozeeka. Chomoa kila kilichoingia nyuma: mvumo ukiisha, tatizo liko nje, kwenye kinanda cha santuri au waya zake. Usiukate mguu wa ardhi wa plagi ili kuunyamazisha. Nimeona watu wakifanya hivyo, na chasisi ya chuma ikabaki ikisubiri mkono wa mtu.

Mvumo ukiwa upande mmoja, zima, subiri zipoe, hamisha vali ndogo za kushoto na kulia. Ukihama nazo, umeipata mbovu. Usipohama, vali hazina hatia. Ile ya mzee wa Walukuba bado ina vali zake zilezile nne, na ndani ya kifuniko nimemwandikia kwa penseli tarehe, volti za ukuta na milivolti za kila moja. Kila baada ya miezi mitatu anaileta, tunaongeza mstari.