Uniti Zinaisha Haraka? Hesabu Mapigo ya Mita Kabla ya Kuilaumu

Lalamiko la wenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni lile lile: "LUKU inakula." Mwezi uliopita shilingi 30,000 zilitosha, mwezi huu hazivuki tarehe 18, na ndani ya nyumba hakuna kilichoongezwa. Wa kwanza kushukiwa ni mita. Mita huharibika, sikatai, lakini ni mara chache. Mara nyingi uniti zinaondoka kwenye kitu kinachofanya kazi saa nyingi bila kuonekana, au kwenye waya unaovuja. Vyote viwili vinapatikana kwa kazi ya nusu saa, na kifaa unachohitaji ni saa ya simu yako.

Kabla ya mita, chukua risiti mbili tatu za nyuma na uzisome mstari kwa mstari. Nahesabu kwa viwango vilivyopitishwa na EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, mwaka 2016. Linganisha na risiti yako. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, anatozwa shilingi 292 kwa uniti, juu yake VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Ukijumlisha unapata kama shilingi 356, kwa hiyo 10,000 inakupa uniti 28. Ukipata 23.9, hujaibiwa: ni kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kama kuna miezi uliyoruka, inakusubiri yote kwa pamoja.

Mteja wa D1, kundi la nyumba zenye matumizi madogo, ana jambo lake. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, yaani 122 pamoja na tozo, jumla 9,150. Kuanzia ya 76 bei inaruka hadi 350, sawa na 427 pamoja na tozo, ghali kuliko hata T1. Kinachohesabiwa ni uniti ulizonunua mwezi huo, siyo ulizotumia. Anayenunua za 20,000 kwa mpigo tarehe 25 ili "asisumbuke" amejipandishia bei mwenyewe. Nunua zinazokutosha hadi mwisho wa mwezi, zingine subiri tarehe 1. Na ukivuka 75 mwezi baada ya mwezi, utahamishiwa T1.

Kama risiti ziko sawa na uniti bado zinaisha, nenda kwenye mita.

Usoni pa mita kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake taa ikipiga mara 1,000, au 1,600, umetumia uniti moja. Hesabu mapigo kwa dakika moja. Mita ya 1000: kila mpigo kwa dakika ni wati 60. Mita ya 1600: kila mpigo ni wati 37.5. Taa ikipiga mara 25 kwa dakika kwenye mita ya 1000, nyumba inavuta wati 1,500 muda huo. Usiupuuze hata mpigo mmoja. Wati 60 usiku na mchana ni uniti 43 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 15,000 kwa T1.

Sasa chomoa kila kitu kwenye soketi, friji pia. Zima swichi za hita, AC, pampu na taa zote, za nje zikiwemo. Mein swichi na breka za kwenye DB (sanduku la breka) ziache zimewaka. Simama mbele ya mita dakika tano. Nyumba yenye waya mzima, taa haipigi. Ikipiga, zima breka moja moja, na kila ukizima moja subiri dakika mbili. Breka ambayo ukiizima mapigo yanakoma, tatizo liko kwenye saketi yake.

Mwisho zima mein swichi. Taa ikiendelea kupiga, basi kuna kitu kati ya mita na mein swichi: waya uliochepushwa, labda kwenda kwenye fremu ya duka au kwa jirani, au mita yenyewe ni mbovu. Hapo ndipo unapoita TANESCO. Usifungue mita wala kukata sili, hata fundi akikuambia ni jambo dogo. Kosa litahesabiwa kuwa lako.

Nataka kukaa kidogo kwenye uvujaji, kwa sababu ndio unaowatesa watu bila kujua. Chukua waya uliozikwa kwenda taa za geti. Bomba lake limepasuka, ganda la waya limechunika, mvua zinaanza, laivi, waya unaoleta umeme, inagusa udongo wenye maji. Watu wanatarajia breka ianguke. Haianguki. Tuseme njia ya umeme kupitia ardhini ina ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida kwenye udongo wa mchanga. Volti 230 gawanya kwa 100 unapata ampea 2.3, na breka ya ampea 20 haioni hata kama kuna kitu. Lakini mita inaona wati 529. Kwa saa 24 ni uniti 12.7, zaidi ya shilingi 4,500 kila siku, na hakuna taa hata moja iliyowaka. Nyumba ambayo uniti zake hukimbia masika na kutulia kiangazi, anzia hapo.

Dalili nyingine ni kutekenywa ukigusa bomba la maji, koki ya bafuni au bodi ya mashine ya kufulia. Huo ni umeme unaotafuta njia, na unaweza kuua. Zima saketi hiyo siku hiyo hiyo. Fundi aje na mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1 kati ya laivi na ethi (waya wa ardhini), waya huo haufai. Mwenye klampu ya kupimia uvujaji atazungushia laivi na nyutro kwa pamoja: umeme unaokwenda ukilingana na unaorudi, klampu inasoma karibu na sifuri, na kinachobaki ndicho kinachovuja. Kisha afunge kwenye DB RCCB ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ikihisi uvujaji. Ingekuwepo, waya ule wa geti ungezimwa mara tu laivi ilipogusa udongo, badala ya kulipiwa miezi mitatu. Bonyeza kitufe chake cha T mara kwa mara. Isipokata umeme, ibadilishwe.

Angalia pia nyutro na ethi zisigusane ndani ya nyumba. Zikigusana, sehemu ya umeme hurudi kupitia ethi. Mita nyingi za kisasa hupima laivi na nyutro, zikipishana zinawasha taa ya tahadhari na kuhesabu ile kubwa.

Waya ukiwa mzima, zamu ya vifaa. Rudisha kimoja kimoja huku ukihesabu mapigo. Kanuni ni wati mara saa. Pasi ya wati 1,200 inatisha kwa jinsi taa ya mita inavyokimbia, lakini nusu saa ni uniti 0.6. Kinachomaliza pesa ni kile cha wati chache kisicholala, au chenye kujiwasha chenyewe.

Hita ya maji ndiyo inayoongoza. Lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 zinahitaji uniti 2, na hita ya wati 1,500 inamaliza kazi hiyo kwa saa moja na dakika 20. Ukiiacha imewashwa kutwa, maji yanapoa na yanachemshwa tena bila mtu kuoga. Iwashe kabla ya kuoga, kisha izime, au funga taima. Koki ya maji moto inayodondosha lita 20 kwa siku inaondoka na uniti 0.8, raba ya koki ya shilingi chache ingeokoa hizo. Valvu ya usalama inayotiririka muda wote ina hasara ile ile. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi, elementi inajengeka ukoko, inapata joto kupita kiasi, inapasuka na kuanza kuvuja umeme. Kila mwaka fundi aifungue, akwangue ukoko na kuangalia fimbo ya magnesiamu. Ikiwa imeliwa imebaki waya wa katikati, abadilishe.

Friji nayo. Iache peke yake kwenye mita, hesabu mapigo kwa saa moja. Friji nzima inanguruma, inapumzika, inanguruma tena. Isiyopumzika kabisa, ya wati 120, ni uniti 86 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 30,000, wakati ingepumzika vizuri ingetumia hata chini ya nusu ya hizo. Sababu ni chache na zinajulikana. Raba ya mlango: bana noti ya elfu moja mlangoni, funga, vuta, ikitoka bila kukaza, hewa ya moto inaingia hapo. Pima pande zote nne, hasa kona za chini. Vumbi kwenye koili ya nyuma, na friji iliyobanwa ukutani: iache sentimita 10. Barafu iliyozidi nusu sentimita: izime iyeyuke yenyewe, usichokoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi. Yote yakiwa sawa na bado hailali, ni themostati au gesi imepungua.

Pampu ya maji ya nguvu farasi 1 inavuta kama wati 1,100. Kujaza tanki la lita 1,000 kwa dakika 40 ni uniti 0.7, hakuna kesi. Kesi inakuja floti ikinasa, tanki linafurika usiku kucha juu ya paa, au valvu ya chini ya kisima ikivuja pampu inazunguka bila kupandisha maji. Choo kinachotiririka polepole kinaifanya pampu ya presha ijiwashe kila baada ya dakika chache. Rangi kidogo ya chakula ndani ya tanki la choo itakuonyesha: bakuli likipata rangi bila kuvuta maji, kinavuja.

AC ya BTU 12,000 ni kama wati 1,100 kompresa ikifanya kazi. Weka nyuzi 25, osha filta kila wiki mbili kama mtaa una vumbi, na usiiwashe kwenye chumba cha vioo vya luva na nyavu, unapoza barabara. Taa ya nje ya wati 60 kwa saa 12 ni uniti 21.6 kwa mwezi, LED ya wati 9 ni 3.2. King'amuzi cha wati 12 kisichozimwa ni uniti 8.6.

Vile vijiboksi vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodaiwa kupunguza umeme, usinunue. Ndani kuna kapasita na taa. Kapasita inarekebisha kipengele cha nguvu (power factor), ambacho mteja wa nyumbani hatozwi; mita yako inahesabu kWh tu.

Nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja ina hesabu tofauti. Kila chumba kikitumia uniti 30 ni 180, na mita iko T1, ingawa kila mmoja peke yake angestahili D1. Kama mita sita haziwezekani, fungeni mita ndogo ya kugawia kila chumba, zisomwe siku moja na mita kuu. Jumla ya sita ikitofautiana na kubwa, tofauti hiyo ni taa za korido, pampu, au waya wa geti, na malipo yake yagawanywe wazi kwenye karatasi ambayo kila mpangaji anaiona.