Kabla hujapiga Windows tena, kwanza angalia mashine yenyewe

Tangu Microsoft wasimamishe masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko kwenye kitengo chetu cha TEHAMA yamezidi, na kila anaekuja maneno ni yale yale: "imeingia virusi, nipigieni Windows mpya". Jamani, Windows 10 haikufa siku ile, imekosa masasisho tu. Kompyuta inayojizima kila ikipata moto, au inayoganda hata hujafungua kitu, mara nyingi ugonjwa uko kwenye chuma na sio kwenye programu.

Ilikuja laptopu ya skuli moja huko Pemba, imepigwa Windows tena na tena, ikikaa siku chache skrini ya buluu inarudi na maandishi MEMORY_MANAGEMENT. Tulipoifungua meno ya ramu, kile kijiti cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yameingia ukijani, na sisi tumezungukwa na bahari, hewa ya chumvi na unyevu haina simile na shaba. Tukayasafisha kwa spiriti, tukairudisha pahala pake, ikatulia. Windows haikuguswa.

Ramu mnaweza kuipima wenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kubali iwashwe upya, iache ijipime mpaka imalize. Ikitoa kosa hata moja usibishane nayo, kama vijiti ni viwili toa kimoja kimoja upime tena ujue mbovu ni kipi, au labda tundu lenyewe.

Na diski ikianza kulia tik tik, au faili dogo linachukua dakika nzima kufunguka, toa data zako kwanza. Kuna watu wanakimbilia chkdsk na /r, amri ya Windows ya kukagua diski, mana wameona mtandaoni, na ile inasoma diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho, diski iliyo mahututi unaimalizia hapo hapo.

Tarehe ikirudi nyuma kila ukizima, na tovuti zinakataa kufunguka, hiyo ni betri ya saa iliyo ndani ya kompyuta, CR2032, ya volti 3, bei yake ndogo tu, badilisha.

Halafu hili la stabilaiza nishalisema mpaka basi. Stabilaiza inasawazisha umeme, haiweki akiba, umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazima pale pale na faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika. Inayotakiwa ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na betri yake nayo inachakaa.

Kwa kompyuta za ofisi za umma mnazotuletea: jaza fomu nakala mbili, andika namba ya mashine ile ilobandikwa chini yake (sio namba ya modeli, watu wanachanganya kila siku), eleza tatizo lilianza lini na likitokea unaona nini, mkuu wako asaini, nakala moja ibaki kwako. Usiichomoe diski, mashine isiyo na diski hatuipokei. Aliebandua sili bila ya kibali ataandika barua ya maelezo, dhamana ya muuzaji inaweza kupotea, na gharama zinaweza kumrudia mwenyewe, kwa hiyo yule fundi wa mtaani msimpe bisibisi.

Na chaja ije pamoja na laptopu, sio unatuachia laptopu tupu halafu unapiga simu kila asubuhi kuuliza imefikia wapi, na betri yake imezima tangu siku ulioileta.