Kuzamia Baada ya Kuunganishwa Pingili za Shingo: Yanayosemwa Mwaloni na Yaliyo Kweli

Katika Kanda ya Ziwa, wengi wanaozamia na mtungi wa hewa hawazamii kwa starehe. Wanakagua sehemu za chini za meli na vivuko, wanashona nyavu za vizimba vya sato, wanakata nyavu zilizojisokota kwenye propela, na siku zikiwa mbaya wanatafuta miili. Mwanza haijasahau MV Bukoba ya Mei 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Kwa hiyo mzamiaji akifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za shingo, swali la kurudi majini linagusa chakula cha nyumbani kwake. Linagusa na wenzake pia, maana wazamiaji waliofunzwa vizuri si wengi. Inaniuma kusikia swali zito namna hiyo likijibiwa kwa maneno ya mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga: huyu anaambiwa asiguse maji maisha yake yote, yule anaambiwa arudi kazini kwa kuwa mkono haumuumi tena. Wote wawili wamepotoshwa.

Upasuaji wenyewe mara nyingi hupitia mbele ya koo. Daktari huondoa diski iliyochakaa au kupasuka ikabana mishipa ya fahamu, huweka mahali pake kipande cha mfupa au kijisanduku maalumu, kisha hukaza pingili ya juu na ya chini kwa bati dogo na skrubu za titaniamu. Miezi inayofuata mfupa huota kupita katikati, na zilizokuwa pingili mbili zinakuwa moja. Shingo ina pingili saba. Zimeunganishwa ngapi, na ni zipi, ndiyo habari ya kwanza ambayo mgonjwa anapaswa kutoka nayo hospitali ikiwa imeandikwa.

"Maji yatakibana chuma kitoboe shingo"

Hii ndiyo inayosikika kuliko zote, na haina ukweli wowote. Mgandamizo wa maji husumbua sehemu za mwili zenye hewa: masikio, matundu ya hewa ya usoni, mapafu. Bati, skrubu na mfupa havina hewa ndani yake, na mgandamizo huvizunguka kwa usawa kutoka kila upande. Kwenye mita 20 au 30 za kina, titaniamu haipindi, hailegei, haisogei. Mtu asiache kazi yake kwa sababu hii.

"Mkono hauumi tena, basi nimepona"

Hapa ndipo wengi wanapojiumiza, kwa sababu dhana hii ina dalili nzuri nyuma yake. Maumivu ya mkono yalitokana na mshipa uliobanwa. Mshipa ukiachiwa, maumivu yanaweza kuondoka ndani ya siku au wiki chache. Mfupa hauendi kwa mwendo huo. Kuungana kwa pingili huchukua kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na kwa mvuta sigara huweza kuchelewa zaidi au kushindikana kabisa. Katika kipindi hicho kinachoshikilia shingo ni bati na skrubu, navyo vimetengenezwa kushikilia kwa muda wakati mfupa unajijenga. Mfupa usipoungana, skrubu huja kulegea.

Kwa hiyo anayejua kama shingo iko tayari ni picha, pamoja na daktari aliyeisoma. Huweza kuwa eksirei iliyopigwa shingo ikiwa imeinamishwa na nyingine ikiwa imeinuliwa, au CT-scan pale eksirei isipotosha. Fomu ya afya inayotumiwa kimataifa na shule za uzamiaji wa burudani inauliza wazi kama mtu amepasuliwa mgongo au uti wa mgongo ndani ya miezi 12 iliyopita. Ukijibu ndiyo, unapelekwa kwa daktari kwanza. Wapo wanaojibu hapana ili wasicheleweshwe. Nawasihi wasifanye hivyo, kwani atakayewavuta wakizidiwa chini ya maji ni mwenzao ambaye hajaambiwa kitu.

Wakati wa kusubiri ndio pia wakati wa kukataa mikono ya watu. Kinyozi anayemaliza kunyoa kwa kukamata kidevu na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie, aambiwe mapema kwamba hapo hapaguswi. Na mama mkwe anayetaka kukanda shingo kwa maji ya moto na nguvu zote, aelezwe kwa heshima kwamba mazoezi yanatoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia tu.

"Majini hakuna uzito, shingo itapumzika"

Nusu ni kweli. Ukishakuwa ndani, maji yanaubeba mwili na mtungi. Lakini mzamiaji hazaliwi ndani ya maji. Mtungi wa alumini wa kawaida uliojazwa hufika kilo 15 hadi 17, na juu yake kuna jaketi la kuelea na mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi. Kuubeba begani kutoka kwenye gari hadi mtumbwini, ukikanyaga mawe ya Luchelele au utelezi wa Kirumba, ni mzigo mkubwa kwa shingo kuliko lolote litakalofuata chini. Kuingia kwa kujirusha kinyumenyume kutoka ukingo wa boti hutikisa kichwa kwa nguvu, na kichwa cha mtungi kikigonga kisogo, pigo linashukia pingili zilezile. Kupanda ngazi ya boti na vifaa vyote mgongoni wakati wa mawimbi ya mchana ni vilevile.

Hata ule utulivu wa chini una gharama. Anayezamia hulala kifudifudi, na ili aone mbele hulazimika kuinua kichwa nyuma. Dakika 40 katika mkao huo huchosha shingo isiyo na tatizo. Iliyounganishwa huchoka mapema, na kazi ambayo pingili zilizofungwa haziifanyi huhamia kwa jirani zao wa juu na wa chini. Jirani hao ndio wanaohitaji kulindwa miaka inayokuja. Utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1999 ulikadiria kwamba karibu asilimia 3 ya waliounganishwa shingo hupata dalili mpya kila mwaka kutoka kwenye pingili za jirani.

Dawa ya haya yote ni mpangilio wa kazi. Vifaa vishushwe majini kwanza vikiwa vimejazwa hewa vielee, mzamiaji aingie taratibu kwa miguu au kwa ngazi na kuvivaa akiwa anaelea. Wakati wa kutoka avue, ampe mtu wa botini, apande mwili mtupu. Kichwa cha mtungi kishushwe kidogo kwenye mkanda wake ili kisizuie kisogo. Akitaka kutazama pembeni, ageuze mwili mzima. Wengine hupata nafuu kubwa kwa kuvaa mitungi ubavuni badala ya mgongoni. Mwenye kuunganishwa sehemu moja ya chini ya shingo atashangaa jinsi alivyopoteza kidogo, maana takriban nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa kushoto na kulia unatoka kwenye pingili mbili za juu kabisa. Mwenye kuunganishwa hizo mbili yuko kwenye habari nyingine.

"Ganzi hii naijua, ni ya zamani"

Kama mtu atabaki na jambo moja kutoka kwenye maandishi haya, ningependa liwe hili. Ukizama, naitrojeni iliyo kwenye hewa unayovuta huyeyuka mwilini. Ukipanda haraka au ukikaa sana chini, hugeuka mapovu. Mapovu hayo hupenda kushambulia uti wa mgongo. Dalili zake ni ganzi vidoleni, mchomo kama wa sindano, mkono kulegea, miguu kutotii, mkojo kugoma. Soma tena orodha hiyo: karibu yote ndiyo aliyokuwa nayo mgonjwa wa shingo kabla ya kupasuliwa, na wengine wamebaki na sehemu yake mpaka leo.

Hatari iko hapo. Mzamiaji anapanda juu, vidole viwili vina ganzi, anasema "ni shingo yangu hiyo," anameza dawa ya maumivu na kupanda daladala kwenda nyumbani. Wakati huo uti wa mgongo unakosa damu. Njia ya kuzuia kosa hili ni rahisi na haihitaji mashine: kabla ya kurudi majini, daktari apime mishipa ya fahamu na aandike kila kitu. Ganzi iko kidole gani, inaishia wapi, nguvu ya kila kiganja ikoje, je, anatembea kisigino mbele ya ncha ya kidole bila kuyumba? Nakala moja ikae kwake, nyingine kwa msimamizi wa wazamiaji. Baada ya hapo, lolote ambalo halimo kwenye karatasi ile na likatokea baada ya kuzamia, lichukuliwe kuwa mapovu hadi daktari aseme vingine: mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi, apelekwe hospitali, na asirudishwe majini "kuyayeyusha".

Kuna wanaouliza kama kovu la upasuaji lenyewe linaalika mapovu. Wazo hilo limejadiliwa na madaktari wa uzamiaji, ila hakuna ushahidi uliolithibitisha. Bado naona ni busara kwa aliyeunganishwa shingo kukaa mbali na mipaka ya majedwali ya uzamiaji, yanayoonyesha mtu akae chini dakika ngapi kwa kina gani: kina kidogo, muda mfupi, kupanda polepole.

"Ziwa ni dogo, si kama bahari"

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu hukaribia mita 80. Kwa sababu ya mwinuko huo, hewa ya Mwanza ina mgandamizo wa kama asilimia 87 tu ya ule wa pwani. Mzamiaji anayepanda kutoka chini anarudi kwenye hewa nyepesi zaidi, na mapovu hupata nafasi zaidi. Ukipiga hesabu, hata ukishazingatia wepesi wa maji yasiyo na chumvi, mita 18 za hapa zinapaswa kusomwa kwenye jedwali la bahari kama mita 20 hivi. Anayetumia jedwali la pwani bila kusahihisha anajipunja bila kujua. Kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi nayo ikaguliwe kama imetambua mwinuko, kwani baadhi huhitaji kuwekwa kwa mkono.

Jambo hilihili linamhusu mtu wa Mwanza aliyekwenda kuzamia Zanzibar au Mafia. Ushauri wa Divers Alert Network, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Anayekwepa ndege kwa kupanda basi akumbuke kwamba barabara ya Dar es Salaam kuja huku nayo inapanda, na Singida iko juu kuliko ziwa lenyewe.

Maji yetu yana giza pia. Mara nyingi unafanya kazi kwa kupapasa, na kichwa hugonga tumbo la meli au bomba la kizimba bila onyo. Kwa shingo iliyounganishwa, naiona hiyo kuwa hatari kuliko kina.

Kuhusu koo na dawa, kwa ufupi. Kumeza kwa shida na sauti kukwaruza ni kawaida wiki za mwanzo baada ya upasuaji wa mbele. Hali hiyo ikiendelea, usizame, kwa sababu maji kidogo yakipenya kwenye kipumulio lazima uweze kuyameza au kuyakohoa salama. Dawa za maumivu kama tramadol na pregabalin, pamoja na za kulegeza misuli, hulevya, na naitrojeni ya kina hulevya vilevile. Anayezihitaji kila siku bado hajafika wakati wake.

Wapo wasiopaswa kurudi, na ni haki yao kuambiwa waziwazi. Anayepata mshtuko kama wa umeme mgongoni akiinamisha kichwa. Ambaye mikono imekuwa mizito hata kufunga vifungo vya shati. Ambaye uti wake bado umebanwa kwenye picha. Aliyeunganishwa pingili nyingi hata hawezi kuona vipimo vyake kifuani. Hao kikosi hakijawapoteza. Mtu anayeshika kamba juu ya boti, anayesoma mivuto ya aliye chini, anayehesabu dakika na kuamua sasa apandishwe, anahitaji kuwa amezama miaka mingi, na kazi hiyo haimdai ainue kilo hata moja kwa shingo.