Dawa ya presha si lazima imezwe usiku

"Daktari, tembe zangu nimezihamishia usiku. Nimeambiwa za asubuhi hazifanyi kazi."

Maneno haya nayasikia kwenye dirisha la kemisti karibu kila wiki, na yamenichosha. Anayekuja kuuliza hana kosa. Shida ni kwamba wengi huja wakiwa wameshahama, na katika kuhama huko wamekaa siku mbili tatu bila dawa, ama wamemeza dozi mbili siku moja.

Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Mwili una saa yake, na kituo chake kiko ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Mwanga wa jua ndio unaoirekebisha kila siku. Kwa kufuata saa hiyo, presha ya mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 akiwa amelala, kisha hupanda kunapokucha. Mishtuko ya moyo nayo hutokea zaidi saa za asubuhi. Kwa hiyo watafiti walikuwa na sababu nzuri ya kuuliza kama dawa ya usiku ingekinga zaidi. Mwaka 2019 utafiti mmoja wa Uhispania ukadai kwamba wanaomeza usiku hupata mishtuko ya moyo na viharusi karibu nusu ya wale wa asubuhi. Wataalamu wengi waliutilia shaka, lakini habari ilikuwa imeshasambaa, na mpaka leo inazunguka kwenye WhatsApp za familia na za chama.

Kilichofuata hakikusambazwa na mtu. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uitwao TIME. Watu 21,104 wenye presha waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa wameze asubuhi, wale jioni, kila mtu dawa zake zile zile, nyumbani kwake. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi, au kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 3.4 upande wa jioni na asilimia 3.7 upande wa asubuhi. Tofauti ndogo kama hiyo huweza kuletwa na bahati tu. Waliomeza jioni hawakudhurika, lakini pia hawakupata kinga ya ziada.

Ukiijua dawa yenyewe, hutashangaa. Chukua amlodipini, ambayo wengi wetu hapa Nairobi tunapewa. Baada ya muda wa saa 30 hadi 50, nusu ya dozi bado iko kwenye damu. Ukimeza leo asubuhi, usiku wa leo inakulinda, na kesho ukiamka bado ipo. Dawa ya namna hiyo haijali umeimeza kabla ya chai au baada ya taarifa ya habari.

Ila kuna tembe moja ambayo usiku hauifai kabisa, nayo ni ile ya kupunguza maji mwilini, kama furosemidi au hidroklorothiazidi. Mara nyingi hiyo ya pili imechanganywa na losatani, dawa nyingine ya presha, ndani ya tembe moja, mtu hata hajui anaimeza. Mzee mmoja wa Kayole alinieleza kwamba tangu ahamie usiku anaamka mara tatu kwenda haja. Choo cha ploti yao kiko chini, yeye anakaa ghorofa ya pili, na taa ya ngazini iliungua zamani. Alidhani ni sukari imeanza. Nikamwonyesha jina la pili kwenye pakiti na kumwambia, "Mzee wangu, hii irudishe asubuhi leo leo." Mtu wa umri wake akianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, tutakuwa tumemponza sisi tuliomwachia ashauriwe na simu.

Dhana hii ina ndugu yake: kutomeza dawa asubuhi ya kliniki "ili daktari aone presha yangu ya kweli". Presha anayotaka kuiona daktari ni ya mtu aliyemeza dawa. Ukienda hujameza, itasoma juu, utaongezewa dawa ambayo huihitaji, na ukirudi kuzimeza zote utaanza kusikia kizunguzungu. Meza, kisha nenda.

Ushauri wangu kwa dawa ya presha ya mara moja kwa siku ni huu, na sitachoka kuurudia: iweke karibu na mswaki. Anayetoka Rongai saa kumi na nusu alfajiri kuwahi matatu anaweza kusahau chai, lakini mswaki hausahau. Kama jioni ndiyo saa unayotulia, na dawa yako si ya kupunguza maji, basi iwe jioni, kila jioni. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku hiyo hiyo. Ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, iache iliyopita. Usizibebanishe mbili.

Dawa nyingine nazo zina dhana zake za saa. "Mara tatu kwa siku ni asubuhi, mchana na jioni." Ukimeza amoksilini, dawa ya kuua bakteria, saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, usiku wote unabaki na dawa kidogo mno kwenye damu. Gawanya kila baada ya muda wa saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Vivyo hivyo dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini: dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane kamili, hata kama ni usiku wa manane, halafu ndipo uendelee asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

"Dawa zote humezwa baada ya kula." Hapana. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, humezwa nusu saa kabla ya kula. Ya thairoidi, levothairoksini, humezwa tumbo likiwa tupu kwa maji matupu, na chai ya maziwa isubiri nusu saa hadi saa nzima. Tembe za madini ya chuma na kalsiamu zikae mbali nayo kwa muda wa saa nne.

"Prednisoloni nitameza usiku nilale vizuri." Hii ni dawa ya kutuliza uvimbe, kama ule wa pumu, na ukiimeza usiku huenda ukakesha. Mwili hutoa homoni yake ya kotisoli kwa wingi alfajiri, na dawa hii hufuata njia hiyo hiyo. Kama umeandikiwa mara moja kwa siku, meza asubuhi pamoja na chakula.

"Dawa ya kolesteroli ni ya usiku." Simvastatini, ndiyo, kwa kuwa ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku na dawa hiyo haikai mwilini muda mrefu. Atovastatini na rosuvastatini, saa yoyote.

Nimalizie na askari wa usiku, wauguzi na vijana wa viwandani, kwa sababu karatasi ya dawa huandikwa kana kwamba kila mtu hulala usiku. Ukitoka lindo saa kumi na mbili asubuhi ukalala mpaka saa nane mchana, omeprazoli yako ni ya nusu saa kabla ya mlo wa kwanza ukiamka, na tembe ya kupunguza maji usiimeze unapoingia kitandani hata kama pakiti imeandikwa "asubuhi". Anayedunga insulini asibadilishe saa zake peke yake. Afike kliniki na ratiba ya zamu mkononi, wapangiwe pamoja na muuguzi, na zamu ikibadilika arudi tena.